Abiria wa Hoteli ya Naushad

Kanyenye, Tabora
3 Machi 2024

Mjomba Anakleti, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Huku wazima, ila joto linatutoa roho.

Mjomba, nimejua! Nilikuwa natengeneza feni (nimejifunza mwenyewe kwenye simu) pale kwa mzee Naushad, hoteli ya chai karibu na stesheni. Nikaona picha ya zamani ukutani, vijana wamejaa. Akacheka: "Hao? Abiria wangu. Walisubiri treni siku zisizo na treni." Eti miaka ya sabini wanaume waliopenda wanaume walikutana pale. Askari akiuliza, kila mtu ana mzigo, anasafiri! Katikati nani? Wewe, na suruali pana kama hema!

Mjomba, mimi nampenda Koleta, msichana mwenzangu. Nilidhani kwenye ukoo huu niko peke yangu. Niambie kulikuwaje!

Mpwa wako,
Stela

Kigoma
20 Aprili 2024

Stela mwanangu, marahaba. Mguu unauma lakini natembea. Nimechelewa kujibu kwa woga. Naushad mdomo wake hauna breki!

Haya. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukacheza keram, tukataniana. Sixbert, fundi cherehani wa Ipuli, alibeba sanduku tupu kila wiki, tukamwita Bwana Ulaya. Hatukufanya maajabu. Tulikaa tu, kila mtu na uso wake wa kweli. Babu yako aliposikia akanifukuza. Sijarudi tena.

Majina ya watu usiyatangaze. Koleta naye anakupenda? Na Sixbert... yuko hai?

Mjomba wako

Kanyenye
2 Mei 2024

Shikamoo Mjomba. Pole na mguu. Yuko hai! Bado anashona. Nilipokutaja cherehani ikasimama. "Huyo bado ana maringo?" Halafu taratibu: "Alioa?" Nikasema hapana. "Na mimi," akasema, akashona mfuko nje ndani!

Mama nimemwambia yote, yako na yangu. Akaosha vyombo, akaviosha tena. Kisha: "Kaka yangu aje, chumba cha uani kipo. Na huyo Koleta anakula mlenda?" Anakula, Mjomba! Na ananipenda!

Njoo.

Mpwa wako,
Stela

Kigoma
9 Mei 2024

Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako nimesimama, mguu nikausahau. Msalimie dada yangu sana. Nafika Jumamosi ya tarehe 25 kwa basi.

Mwambie Sixbert nimenenepa, na nina upara. Akiona vema asije stendi, sitamlaumu.

Hapana. Mwambie aje.

Mjomba wako