Mama, Mlango Wako Bado Upo

Mama yangu uliyepumzika Ujiji,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi kizingitini, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wako. Bado upo, na bawaba zake zinalia kila asubuhi kama zamani, ingawa nyumba imebadilishwa mabati na kuta zimepigwa rangi ambayo usingeipenda. Mlango sikuupaka kitu. Fundi alitaka kulifuta kwa msasa lile doa jeusi la upande wa ndani, nikamwambia aliache.

Huku tuna mjadala. Vita vimerudi ng'ambo ya ziwa, kwenye milima tuliyotoka, na kila jioni redio inazungumzia vifaa vya wanajeshi. Mbunge mmoja wa kule alisema askari wanapelekwa mstari wa mbele bila buti, na wakijeruhiwa hakuna machela za kuwabebea. Mkubwa mmoja wa serikali akajibu kwamba vifaa vinatosha, na anayesema vinginevyo anamsaidia adui. Tangu hapo watu wanapiga simu redioni, huyu analia, yule anatukana. Mimi nilikuwa nasikiliza kama kesi ya jirani, mpaka Bahati aliponipigia. Bahati ni mtoto wa Neema wetu, mjukuu ambaye hukumwona. Neema alirudi ng'ambo akaolewa huko, na mwanawe sasa ni askari.

"Mjomba, usibishane na redio," akaniambia. "Mimi hapa nimevaa kandambili. Moja ya bluu, moja nyekundu."

"Na mkiumia?"

"Tunabebana mgongoni. Ukiwa mnene, imekula kwako."

Akacheka. Ana kicheko chako, Mama, kifupi, kinachokatika ghafla.

Ndipo nikaikumbuka ile siku ya mlango. Nilikuwa kijana, nimetoka shule, najiona nimeijua dunia. Askari wa serikali walishuka mlimani wakimburuta mwenzao juu ya blanketi lililochanika, wakitafuta boti ya kumpeleka hospitali. Walisimama uani kwetu kuomba maji. Ulimtazama yule majeruhi, ukalitazama blanketi, kisha ukageuka ukautazama mlango. Baba aliuchonga mwenyewe kwa mninga mwaka mliooana, na wakati huo Baba alikuwa ameshafariki.

"Ng'oa bawaba," ukaniambia.

Nikasita.

"Ng'oa, mwanangu. Mtu habebwi kama gunia la mkaa."

Tukamlaza juu ya mlango, tukambeba kuelekea ufukweni. Nilishika kona ya upande wa kichwa chake, na njia nzima alikuwa ananitazama usoni. Aliomba maji mara moja, ukamnywesha kwa kiganja. Alikata roho pale ufukweni kabla boti haijafika. Hatukulijua jina lake.

Sajenti akasema mlango wanauhitaji kwa majeruhi wengine. Hukukataa. Ulimwambia tu, "Sijakupa. Nimekuazima. Nitakuja kuuulizia." Wakacheka, na mimi nusura nicheke nao.

Ulipokwenda kuuulizia nilikufuata kwa hofu. Kambini tuliukuta umelazwa juu ya mapipa mawili, umekuwa meza. Ofisa alikuwa anakula samaki juu yake, mgebuka wa kukaanga. Nyuma yake majeruhi wamelala chini, juu ya majani ya migomba. Nilidhani utalia. Ulimwamkia vizuri, ukasogea.

"Baba, huu mlango niliutoa ubebe majeruhi. Sikuutoa uwekewe sahani."

"Mama, nenda nyumbani. Serikali itakulipa."

"Sikudai malipo. Nauliza majeruhi wa kesho mtambeba na nini."

Ukainua sahani yake kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayemwandalia mgeni, ukaiweka chini. Halafu bakuli. Halafu kikombe. Kisha ukaniita tukaushusha mlango na kumlaza juu yake kijana aliyekuwa na jeraha la tumbo. Mama, wewe ulikuwa mfupi kiasi kwamba kilemba chako hakikufika begani kwa yule ofisa, na hakuna aliyekuzuia. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vya majemadari na vya wafalme, na sijakutana na ujasiri uliofanywa kwa utaratibu namna ile.

Asubuhi zilizofuata ulikuwa unarudi na swali lilelile: "Machela zimefika?" Nyumba yetu haikuwa na mlango, tulilala na pazia la kanga. Wanawake wengine, ambao nao walikuwa wametoa milango yao, wakaanza kuongozana nawe, mkawa kundi, mnaamkia, mnauliza, mnaondoka. Ofisa akawa anajificha mkija. Mpaka ikafika boti kutoka mjini na machela za turubai, mpya, bado zina harufu ya dukani. Uliubeba mlango wako ukausugua kwa mchanga ziwani. Doa halikutoka.

Vita vilipotufukuza kabisa, uliupakia kwenye boti ya kuja Kigoma. Nahodha akakutania, "Mama, unahama na mlango bila nyumba?" Ukamjibu, "Nyumba nitaijenga nyuma yake." Ukaijenga, hapa Ujiji, kwa kuuza mawese. Na kila ulipotoka sokoni ulikuwa unabisha hodi kwenye mlango wako mwenyewe, hata kama ndani hamna mtu. Mimi na Neema tulikucheka sana. Siku moja nilikuuliza sababu, ukaniambia, "Kuna mtu alilala hapo," ukaingia kupika.

Wiki iliyopita sisi watu wa ng'ambo tulikutana kwenye karakana ya Fundi Saidi, anayeunda boti. Hoja ilikuwa kama tupeleke msaada kwa wale askari. Mama Zawadi, anayepeleka dagaa ng'ambo na kurudi na mawese, alitaka tuanze siku hiyohiyo. Fundi Saidi akakataa.

"Tukipeleka sisi, aliyekula pesa za buti atamshukuru Mungu. Mwakani atakula na za soksi."

Watu wakacheka. Mama Zawadi hakucheka.

"Wewe fundi, ukijikata mguu na shoka lako hapo, tukuache chini mpaka serikali ije?"

"Nimesema wasaidiwe na wenye kazi hiyo!"

"Na mimi nimesema mtoto analala chini leo!"

Wote wawili walikuwa na haki, Mama, na hilo ndilo lililotuumiza. Wakanigeukia mimi mwenye umri. Sikuwa na hotuba. Niliwaeleza habari za mlango wako, toka bawaba mpaka sahani ya samaki. Nilipomaliza, Fundi Saidi alibaki akipapasa ubao wa boti aliyoianza. Kisha akauliza, "Alisema amewaazima?"

"Alisema amewaazima."

Akainuka kutafuta mbao.

Ametengeneza machela kwa mabaki ya mbao za boti na nyavu kuukuu zilizokunjwa mara mbili, mtu akilala hazizami. Kwenye kila mpini amechoma maneno kwa chuma cha moto: IMEAZIMWA. TUTAIULIZIA. Buti tumenunua tulizoweza, nazo kazichoma hivyohivyo kwenye soli. Mama Zawadi ameahidi kwamba kila akienda kuuza dagaa atapita kwa wakubwa wa kule kuuliza machela na buti za serikali zimefika wapi, na wenzake wa sokoni wataongozana naye. Namfahamu. Atauliza mpaka wamkimbie.

Boti iliondoka leo asubuhi baada ya kukaguliwa. Mvua ya jana ilikuwa imeosha hewa, na milima ya ng'ambo ilionekana wazi, mikunjo yote. Nilisimama nikiitazama boti mpaka ikawa nukta juu ya maji yale yasiyo na mwisho chini yake. Bahati hajapiga simu siku kadhaa sasa. Sijui kama atavaa buti hizo, au atalala juu ya moja ya machela zile. Kama atalala, basi alale kama mtu.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Nilikuwa na ufunguo mkononi, na ndani hakukuwa na mtu. Nikasimama mbele ya mlango wako, Mama, nikabisha hodi. Kisha nikangoja kidogo, kama ulivyokuwa ukingoja, ndipo nikaingia.

Lala salama.

Ni mimi mwanao, niliyeshika kona ya kichwani.