Dawa Haipandwi

Mapinga, 9 Mfungo Tano 1372

Kwa mwanangu Rehani,

Nakusalimu wewe, na mkeo Ashura, na mjukuu wangu Mina. Mina anaendeleaje? Homa imeshuka? Anakula? Mpelekeni hospitali, msiningoje mimi. Huku mwili mzima, ila nina hasira, Rehani, na hasira yenyewe ni juu yako. Naandika kwa herufi zangu za chuoni, za Kiarabu, na mkono huu huu mbovu, ili hao makarani wenzio wasipate kunisoma.

Barua yako nimeipata. Umeniomba mizizi ya mlungulungu ya kumchemshia Mina. Nikacheka kicheko kibaya. Kwani hujui, au unajifanya hujui?

Jumatatu iliyopita alikuja bwana mmoja, Sadallah, na lori, na watu wanne wenye mapanga. Akaniamkia shikamoo, akasema Rehani anakusalimu sana, ndiye aliyetuelekeza. Mimi kusikia jina lako, nikatandika mkeka, nikawapikia wali na samaki wa nazi. Wakala wakashiba, wakaniombea dua. Halafu wakaingia kwenye kichaka cha marehemu bibi yako moja kwa moja, kama waliozaliwa humo. Nani aliwaonyesha njia ile kama si wewe?

Wameibambua milungulungu yote, gome kuzunguka shina, juu mpaka chini. Mingine wameing'oa kabisa. Wewe nilikufundisha ungali mdogo: unapiga hodi, unachimba upande wa macheo tu, mzizi mmoja, unafukia, unaondoka. Mti unabakiwa na pande tatu za kuishi. Hayo yote umesahau, ukakumbuka njia tu? Nilipowafuata kuwakataza, Sadallah akaniambia usione taabu mama, miti ya porini ni ya Mungu. Nikamwambia hata wewe ni wa Mungu, mbona hatukubambui? Watu wake wakacheka, wakaendelea kukata.

Sasa ninachekwa mimi. Mzee Mwinyijuma kapita mlangoni kasema, Mwanahija, jina la mwanao limetimia, msitu kauweka rehani. Nilimtukana, Mungu anisamehe. Mimi nilikuita Rehani kwa lile jani la harufu nzuri alilonichumia babako siku ya arubaini yako. Sikukuita rehani ya dukani!

Lakini kuna neno sijamwambia mtu, na hasira yangu haitatulia nisipolisema. Bibi yako alituusia kwamba dawa haipandwi, ukiipanda umeyapanda na maradhi nyumbani kwako. Mimi nimepanda. Tangu vita vya Hitla, nilipoona vichaka vinakwisha, niliokota mbegu nikazifukia. Hazikuota hata moja. Baadaye nikagundua zinazoota ni zile za kwenye mavi ya ndege, nikawa nazifuata hizo. Ninayo miti tisa nyuma ya uani, ile mnayodhani ni miiba niliyoweka ya kuzuia mbuzi. Mwaka jana Mina alipougua hapa, mzizi aliokunywa ulikuwa wa uani. Nilinyamaza kwa haya.

Na juzi jirani yetu Dija kaja, mwanawe anawaka homa, nikamwambia mizizi imekwisha. Imekwisha! Na iko hatua kumi nyuma ya mgongo wangu. Basi nami nimekosa, mwanangu. Nikimaliza barua hii nampelekea, na nitamwambia imetoka wapi.

Mzizi wa Mina nimeufunga kwenye kitambaa, uko pamoja na barua hii. Mtoto haadhibiwi kwa kosa la babake. Ila wewe njoo Ijumaa. Utang'oa miche midogo iliyo chini ya ile tisa, uipande kule kichakani walikobambua, mchana kweupe, watu wakuone. Mwinyijuma nitamwita aje atazame.

Ashura mpe pole ya kukesha, Mina mshike kichwa kwa niaba yangu. Jembe usilete, la babako bado lipo.

Ni mimi mamako, niliyekupa jina zuri,
Mwanahija binti Kibwana