Mahindi Yalipofunga Mlango

Morotonga, Jumapili

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hiyo shikamoo, kalamu ikasimama. Wewe hukuwahi kuchelewesha marahaba yako, hata ukiwa jikoni moshi unakutoa machozi.

Nimefika nyumbani siku nne baada ya wewe kuzikwa. Habari za homa yako na za kifo chako zilinifikia shuleni kwenye barua moja. Baba amenionyesha udongo tu. Mdogo wangu Bhoke amejifunga kitenge chako na hataki kukivua hata kifuliwe.

Mama, kuna jambo linanikaba. Unakumbuka likizo ile, kwenye shamba la ujamaa? Ilikuwa saa sita mchana, majani ya mahindi yamejikunja. Ukaweka jembe chini ukawaambia wanawake wenzako, "Mahindi yamefunga mlango. Tukae mpaka yafungue." Na mimi, kidato cha pili, mdomo mrefu, nikasimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji nikasema huo ni ujinga. Jua likiwa kali ndipo jani linapotengeneza chakula kingi, tumefundishwa! Mwenyekiti akanipigia makofi. Akasema kijiji hakitaki kupe. Kupe, jamani! Wewe! Ukanitazama, ukaokota jembe, ukarudi kwenye mstari wako. Jioni ukanimegea ugali mkubwa kuliko wa Bhoke. Afadhali ungenichapa.

Muhula huu tulichuma majani ya kunde, mengine alfajiri, mengine jioni. Tukayachemsha, tukayatoa ukijani kwa spiriti, tukayadondoshea ayodini. Jani lenye wanga hugeuka jeusi. La saa kumi na moja jioni likawa jeusi tii. La alfajiri halikugeuka, maana usiku kucha lilikuwa linagawa chakula chake kwa mmea mzima. Nikakusikia kabisa, Mama, ukitufukuza bustanini asubuhi: "Yaacheni, yameamka na njaa."

Kisha mwalimu akasema jua la mchana likizidi na udongo ukikauka, jani hufunga vitundu vyake lisipoteze maji. Kazi yake hupungua mpaka jua lilegee. Nililia mle darasani. Mwalimu akadhani spiriti imeniingia machoni, nami nikaitikia hivyo hivyo.

Yale majani mawili niliyakausha ndani ya daftari nikuletee. Nilikuwa nimepanga nikuombe msamaha mbele ya wale wale wanawake. Ningeweza kuandika, Bhoke angekusomea. Nikasema ngoja, nitamwambia mwenyewe likizo. Ngoja, ngoja! Mama, nilingoja nini?

Jana nilikwenda shambani kushika zamu yako. Saa sita majani yakajikunja. Nikaweka jembe chini, nikasema kwa sauti, mwenyekiti akiwapo, kwamba Mama yangu alisema kweli na mjinga nilikuwa mimi. Wanawake wakakaa mmoja mmoja. Mwenyekiti akatazama saa yake, akasema basi, dakika kumi. Wenzako walinishika mkono, wakaniita jasiri. Haikunisaidia kitu. Sikio nililolitaka halikuwapo.

Leo nimefukia yale majani mawili upande wa kichwa chako. Nakuahidi, Mama, nikija kuwa bibi shamba, kabla sijafungua mdomo kwenye shamba la mtu nitamuuliza kwanza yeye ameona nini. Na Bhoke nitamsomesha. Akinikosea mbele za watu, nitammegea ugali mkubwa, ingawa sijui wewe uliwezaje.

Lala, Mama yangu. Nisamehe.

Saa kumi na moja imefika. Bhoke amesimama mlangoni na ungo, twende tukachume kunde. Ananiuliza sasa tuchume za watu wangapi.

Mwanao,
Nyangi