Mvua ya Uongo ya Mama Zubeda

Dada Mwanaidi, hujambo huko nyumbani?

Usidanganywe na tembo wa kwenye kadi hii. Mnyama wa porini anayelisha watu hapa Koboko ni kumbikumbi! Leo, jua kali, mwenyeji wangu Mama Zubeda alikipiga kichuguu chake kwa vijiti, taratibu kama manyunyu. Kumbikumbi wakadhani mvua imenyesha, wakamiminika hadi beseni zikajaa. Nikamwambia anawahadaa viumbe wa Mungu. Akacheka: "Mvua iko ya uongo, lakini nyumba yangu ya bati iko ya kweli."

Baba yake alipofariki, kaka zake walichukua ng'ombe, wakamwachia kichuguu wakimcheka. Ng'ombe waliisha zamani. Leo kaka hao ndio waliombebea beseni sokoni.

Nakuletea waliokaangwa. Mungu akujalie nawe kichuguu chako.

Mdogo wako, Saumu