Kibao cha Tumbako kwenye Nyumba ya Baba

Wamaza, 4 Machi 2024

Yaya Laetitia, dada yangu,

Jambo sana. Musafiri wa moto, yule mwenye pikipiki, amesema muko wazima. Huku pia tuko, ila nguruwe wa pori wanatumalizia mihogo.

Yaya, tangu nitoke Kasongo sijatulia. Nyumba ya baba, ile aliyotuachia sisi wawili, umeipigilia kibao: “Hapa hakuna kuvuta tumbako.” Mimi mulimaji wa tumbako nikavutie barabarani, kama mutu asiye na kwao! Baba alivuta kwenye barza ile ya mbele ya nyumba hadi kufa. Nani amekupa ruhusa ya kunikataza kwetu? Leo moshi, kesho utanikataza kulala. Naona iko kitu nyuma ya hicho kibao.

Mudogo wako,
Octave

Kasongo, 17 Machi 2024

Mudogo wangu,

Salamu nimepokea. Mama watoto umusalimie sana, na pole ya mihogo.

Ee, Octave, wewe na mashaka yako! Mimi nashona. Yunifomu kumi na mbili zilinuka moshi wako, wamama wakanirudishia huku wakinitukana. Wewe uko na uhuru wa kuvuta, mimi sina uhuru wa kula jasho langu? Nyuma ya kibao iko cherehani, basi.

Jambo kubwa ni hili. Wapimaji wa viwanja watapita mtaa wetu Ijumaa, tarehe 5 Aprili, kuandika wenye parseli, kila kiwanja na mwenyewe. Njoo na karte yako ya utambulisho tuandikwe wote wawili. Tafadhali, usikose.

Yaya yako,
Laetitia

Wamaza, 27 Machi 2024

Yaya,

Afya yako naiulizia, ingawa nimekasirika.

Sasa nimeelewa. Kwanza kibao, kisha wapimaji! Raphaël wa Lusangi alitia sahihi karatasi za namna hiyo, akidhani wanapima tu, kumbe ameuza. Mimi hunipati hivyo, mwizi wee. Siji. Bila sahihi yangu hawawezi kuandika kitu, na nyumba itabaki vile baba aliiacha.

Mudogo wako,
Octave

Wamaza, 20 Mei 2024

Yaya, salamu.

Karibu miezi miwili hujaniandikia. Unaumwa? Musafiri amesema wapimaji walifika kwako. Unanificha nini?

Mudogo wako,
Octave

Kasongo, 2 Juni 2024

Octave,

Siumwi, namushukuru Mungu. Natumaini nanyi muko hivyo.

Sikuficha kitu, nilikuwa na hasira. Ijumaa ile niliwachelewesha wapimaji tangu asubuhi. Niliwapikia sombe ya majani ya mihogo na samaki wa Nyangwe, nikawaambia mudogo wangu iko njiani, moto ya Musafiri imeharibika. Nilisema uongo kwa ajili yako. Saa kumi wakasema asiyefika haandikwi. Wakaandika jina moja, langu. Nililia mbele yao bila haya.

Kisha nikasoma tena barua yako, pale uliponiita mwizi, na machozi yakakauka. Nimeuliza namna ya kuongeza jina. Wanasema ni mwenye parseli ndiye anaomba. Mwenye parseli ni mimi, na sijaamua.

Ukija Kasongo, karibu. Chakula kiko, kitanda kiko. Ila upige hodi, ungoje nikufungulie.

Yaya yako,
Laetitia