Rimoti ya Kutikisa

Jumanne, baada ya isha

Eti rimoti ya kutikisa ni ya watoto wadogo. Salim, mdogo wangu wa tumbo moja, kayasema hayo sebuleni kwangu, mbele ya Mwanaisha.

Mwanangu huyu vidole vyake vya mkono wa kulia vilishikana tangu alipoungua na uji. Kubonyeza hawezi. Lakini mpe ile rimoti ya kutikisa, azungushe mkono mzima, mtaa mzima wa Muyeye hakuna wa kumshinda mchezo wa tenisi wa kwenye runinga. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Leo Salim kaleta diski ya tenisi mpya kutoka dukani kwake. Kumbe hiyo haikubali kutikiswa, yataka vidole tu.

"Da Zuhura, wachezaji wa kweli hubonyeza."

"Na huyu wangu ni wa uongo?"

"Si mimi niliyeitengeneza, dada."

"Ni wewe uliyeileta. Hukujua?"

"Nilijua. Nilidhani atazoea."

Atazoea! Mwanaisha akajaribu kwa mkono wa kushoto, akafungwa mara tatu na binti wa jirani, kisha akaniambia, "Asante mama, ni nzuri." Ule wa kulia kaufunika na leso. Miaka mingi hakuwa akiuficha.

Na linaloniuma zaidi, diski ya zamani, ile ya kutikisa, nilimpa Salim mimi mwenyewe tubadilishane, nipate kuwatambia majirani kwamba kwangu kuna kipya. Sasa kama ameshaiuza...

Kesho asubuhi niko dukani kwake. Shikamoo yake siiitikii mpaka diski ile iwe mkononi mwangu.