Nakichafua Kidimbwi Changu Makusudi Ili Jirani Aje

Mpendwa Bi. Philippa wa ukurasa wa bustani, naandika nikiwa nimejifungia jikoni, uso unaniwaka kama nimetoka kufungua tanuri, naomba msaada wako, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne, nilikuwa mpishi wa shule mpaka nilipostaafu, naishi peke yangu hapa mjini Ludlow, na maishani uongo wangu mkubwa ulikuwa kusema keki ya dukani nimeioka mwenyewe. Mwezi wa nne nilitoa bandani karai kubwa la bati alilokuwa akiogea bibi yangu, nikaliweka chini ya mti wa tufaha, nikalijaza maji, nikatia mawe na mimea miwili mitatu ya majini, maana niliambiwa hata kidimbwi cha karai huvuta vyura na kereng'ende, na mtaani kwetu vyura walikuwa wamekwisha kabisa. Wiki ya tatu maji yakageuka kijani kama supu ya njegere. Nikamwita jirani wa upande wa pili wa ua, ambaye kwa kumstiri nitamwita Bwana Clement, mgane wa miaka sitini na saba, anayevaa kofia ya ukindu hata mvua ikinyesha, na ambaye kila mwaka hutoa hotuba juu ya vidimbwi katika ukumbi wa kanisa.

Akaja na ndoo na wavu mdogo, akapiga magoti, magoti yakalia ko, tukacheka wote wawili. Nikamtengea chai na skonzi, akala tatu, nikamwekea ya nne.

"Jirani," akasema, "nimeitwa kutazama karai, mbona unanijaza mimi?"

"Kula. Fundi mwenye njaa hanifai."

Basi wiki mbili nzima alikuwa akija kila siku saa kumi, anatoa uchafu kwa wavu, anasimulia, nasimulia, na mimi Bi. Philippa nikaanza kusuka nywele kabla ya saa kumi, jambo ambalo sijalifanya tangu mahafali ya watoto wa shule. Kufikia katikati ya mwezi wa tano maji yakawa meupe, unaona kila jiwe. Akasimama, akajipangusa mikono, akasema, "Haya jirani, mgonjwa amepona. Daktari hana kazi hapa tena." Akachukua ndoo yake akaenda. Siku nane nikawa namwona juu ya ua tu, ananyanyua kofia anasema, "Naona itanyesha," nami nasema, "Naona," basi, hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kutwa.

Siku ya tisa nikachukua ile mbolea ya maji ninayotilia nyanya, nikamimina kifuniko kimoja ndani ya karai. Kimoja tu. Siku chache baadaye kijani kikarudi, nikamwita, akaja mbio kofia imekaa upande. Nimefanya hivyo mara tatu sasa. Naye maskini amehangaika, amenishauri tulihamishie karai juani ili maji yapate nguvu, tukapunguza maji tukalibeba pamoja, akaniambia niongeze maji ya bomba kila jioni, nimefuata yote bila kubisha, na kijani kinazidi tu, na kila akiondoka anasahau wavu wake inambidi arudi, nami nimekuwa na furaha hata naimba nikiosha vyombo, naona haya kusema lakini ndivyo.

Sasa balaa langu ni hili. Jumatatu iliyopita chura amekuja. Chura wa kweli, mnene, ametoa kichwa katikati ya ule uchafu wangu. Bwana Clement alilala kifudifudi kwenye nyasi amtazame, kofia ikatumbukia majini asijali, akasema, "Miaka kumi na mmoja, jirani. Miaka kumi na mmoja sijaona chura mtaa huu." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akampa jina Askofu, kwa jinsi anavyotuangalia kama anajua tulichofanya. Halafu akaikamua kofia, akasema bila kunitazama, "Maji haya si ya kumweka kiumbe. Yakiwa bado hivi Jumamosi, tumpeleke Askofu kwenye kidimbwi cha bustani ya mji, na karai hili tupande vitunguu."

Tangu siku hiyo sijatia mbolea hata tone, naapa. Lakini maji yakitakata, daktari anaondoka, na yasipotakata, anaondoka chura na daktari pia, nami nabaki na vitunguu. Dada yangu Hester nimemweleza kwa simu, akasema, "Edwina, si umkaribishe tu chakula?" Nikamwambia, "Nimkaribishe kwa sababu gani?" Akasema, "Kwa sababu ya chakula." Nikamkatia simu, maana mambo hayaendi hivyo, nawe unajua. Nifanye nini, na tafadhali usitaje jina langu.

Mwenye Aibu, Ludlow

BI. PHILIPPA ANAJIBU

Mwenye Aibu, au tuseme Edwina, kwa kuwa dada yako ameshakutaja katika barua yako mwenyewe. Nimecheka kama ulivyoniruhusu na nimemaliza. Sasa kaa nikukaripie.

Chura hupumua kwa ngozi. Unachomimina majini ndicho anachovaa na ndicho anachovuta. Mbolea ya nyanya ni ya nyanya, na mwanamke aliyelisha watoto wa shule miaka yote hiyo alipaswa kujua kwamba si kila kinachomnenepesha mmoja kinamfaa mwingine. Umeacha, vizuri, ila kuacha hakutoshi. Leo hii toa nusu ya maji kwa jagi, pole pole, ukichungulia kila jagi asije akawemo Askofu. Kamwagie mawaridi, yatakushukuru. Kisha lirudishe karai kivulini, kwa sababu bati juani linachemsha kila kilichomo. Jazia maji ya mvua kutoka kwenye pipa lililo chini ya mfereji wa paa, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Maji ya bomba hapana, yana chakula kingi cha huo mwani unaofanya maji yawe kijani. Nyuzi za kijani utakazoziona zinaelea zizungushie kijiti uzitoe, lakini zilaze ukingoni kwa saa chache ili wadudu walionasa warudi majini. Panga matofali yawe ngazi, ndani na nje, kalunguyeye na miiba yake akija kunywa asizame. Samaki usitie, hata ukiletewa zawadi.

Halafu mikono mfukoni. Maji hayatatakata Jumamosi, yatachukua mwezi au zaidi. Na chura asihamishwe na mtu yeyote. Amekuja kwa miguu yake, siku akichoka nanyi ataondoka kwa miguu yake.

Hilo la karai limekwisha. Tuje kwa fundi.

Umeniandikia kurasa nzima na hukuona ulichoandika. Mtu anayehutubia ukumbi wa kanisa kila mwaka juu ya vidimbwi amekuambia utoe karai kivulini uliweke juani. Mtu huyo huyo amekuambia ujaze maji ya bomba. Edwina, hata mtoto aliyesinzia hotuba nzima anatoka ukumbini akijua mambo mawili: kivuli na maji ya mvua. Bwana Clement hajasahau. Wewe ulikuwa unatia mbolea, naye kwa makusudi yale yale alikuwa anakamilisha kazi, na kama nyote wawili mngeendelea hivi hadi mwezi wa nane, lile karai lingeota miti. Wavu wake nao hausahauliki peke yake mara zote hizo.

Ndiyo maana hakukutazama alipotaja vitunguu. Dhamiri ilimsuta kama ilivyokusuta wewe. Hakutaka kupanda vitunguu. Alitaka kumwokoa Askofu kutoka mikononi mwake mwenyewe, na hakujua namna ya kukuambia bila kukuambia yaliyobaki.

Nawakaripia wote wawili, na ninajikaripia na mimi, maana ni ugonjwa wetu sisi watu wa huku. Tutavuka barabara na mche wa nyanya mkononi, tutagonga mlango kurudisha bakuli ambalo hakuna aliyelidai, tutasimama uani nusu saa tukijadili wingu. Lakini kusema nimekuja kwa sababu napenda kukaa nawe, afadhali tufe. Mume wangu marehemu aliazima ngazi kwa baba yangu miezi minne, na nyumba yao haikuwa na ghorofa. Nilikaribia kuolewa na mtu mwingine nikisubiri amalize na ile ngazi.

Kwa hiyo usisubiri Jumamosi. Mkaribishe chakula, cha kukaa mezani, na uma na kisu. Akikuuliza kuna tatizo gani, mwambie hakuna tatizo. Akikuuliza basi anaitiwa nini, usitaje maji, usitaje chura, usitaje hali ya hewa. Mwambie unataka aje. Maneno yatagoma kutoka, yasukume.

Na jambo la mwisho. Umemficha jirani yako kwa jina la Clement, kisha ukaniandikia kofia yake, hotuba yake na chura wake. Ludlow nzima imeshamjua kabla ya kufika aya ya tatu, na yeye pia, kwa kuwa ukurasa huu huusoma kila Alhamisi na huniandikia kunisahihisha. Muda huu unaposoma, naye anasoma. Ukisikia mlango unagongwa, acha gazeti ukafungue.